Kibanda cha Fisi Chini ya Bwawa

Mvua ilipokataa kunyesha mwaka wa pili mfululizo, visima vya Nyika ya Mkole vilikauka na wanyama wakawa wanalamba matope. Simba, mfalme wao, akatangaza kwamba litajengwa bwawa kwenye korongo la juu, ili mvua ikirudi isipotee bure.

"Nani atalijenga?" akauliza.

Sungura akaomba muda. Alitaka kwanza achimbe mashimo aone udongo wa chini ukoje, apime ukuta kwa timazi usije ukainama, na achimbe mfereji pembeni wa kupunguzia maji yakizidi. Tena miti ya mlimani isiguswe, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika udongo.

Fisi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. "Mfalme, huyu anataka kujenga au kufundisha? Kamba yenye jiwe mwishoni ya nini? Jicho langu ndilo timazi. Nipe siku kumi tu, ukuta umesimama, na juu yake nimekifinyanga kichwa chako."

Simba aliposikia habari ya kichwa chake, hakusikia tena kitu kingine. Kazi akapewa Fisi, pamoja na mawe yote ambayo wanyama walikuwa wameyabeba kwa migongo yao, na nyama ya kula muda wote wa ujenzi.

Kula, alikula. Kujenga ndiko kulikomshinda. Mawe makubwa ya msingi aliyahamisha akajitengenezea pango la vyumba vitatu, yeye asiyewahi kutembelewa na mgeni hata mmoja. Ndani ya ukuta akashindilia mchanga na nyasi, nje akapaka udongo laini ukang'aa. Miti ya mlimani akaikata achomee nyama. Siku ya kumi Simba alikitazama kichwa chake cha udongo, akasema kimefanana naye sana. Kilifanana na mbuzi, lakini nani angethubutu kumwambia?

Sungura alithubutu kusema habari za ukuta. "Mfalme, nimeugonga. Ndani hamna jiwe."

"Nimeuzindua mimi!" Simba akanguruma. "Unataka kusema nimezindua takataka?"

Sungura akaondoka. Akawahamisha Swala na watoto wao waliokuwa wakiishi bondeni, chini ya korongo. Kisha yeye na Nungunungu wakachimba ule mfereji wa pembeni, wakauziba kwa jiwe moja. Halafu akaenda barazani akitabasamu.

"Mfalme, mjomba Fisi hajapewa zawadi. Tumjengee kibanda chini ya ukuta wake, awe mlinzi wa bwawa, na kila siku apelekewe paja la nyati. Ila siku akihama, paja limekoma."

Fisi akameza mate. Hakuna aliyejua kilichomo ndani ya ukuta ule kuliko yeye. Lakini pia alijua ukubwa wa paja la nyati. Akaangalia juu: hakuna hata wingu. "Nakubali," akasema.

Akala majuma matatu, akanenepa hadi shingo ikapotea. Ndipo mvua ikaja, siku nne bila kupumzika, na mlima ulionyolewa miti ukamwaga matope bwawani. Wanyama wakapanda ukingoni na Simba wao, kushangilia.

Chini kule, Fisi aliona doa la unyevu ukutani, dogo kama unyayo wa paka. Akalifuta. Likarudi, kubwa zaidi. Akalitazama doa, akalitazama paja. Moyo ulimwambia kimbia, tumbo likamwambia bado kidogo. Akang'ata. Bonge la tope likadondoka juu ya nyama yake, na nyuma yake maji yakaanza kuchuruzika.

Fisi alilitupa paja, akapanda mteremko akipiga mayowe. "Unabomoka! Nimejaza nyasi! Kimbieni, nimejaza nyasi!"

Baraza zima likamsikia.

"Unahama, mjomba?" Sungura akauliza, huku yeye na Nungunungu wakilivuta lile jiwe. Maji mengi yakageukia mferejini. Ukuta ukalegea taratibu, ukakaa chini kama mlevi, na kichwa cha mfalme kikaanguka uso kwanza kwenye matope. Simba akageuka kuangalia upande mwingine.

Pango la Fisi likavunjwa siku ileile. Ukuta wa pili ulichukua miezi minne kwa timazi ya Sungura. Fisi ndiye aliyebeba kila jiwe la msingi kupanda korongoni, na miche ya mlimani akaipanda yeye. Bwawa likajaa, likatulia, na Swala wakarudi bondeni.

Siku hizi akipita mgeni, Fisi humpeleka ukingoni na kumwambia kwa majivuno kwamba mawe yote ya msingi ule yalipita mgongoni mwake. Ni neno pekee la kweli alilowahi kulisema.