Msala wa Sisimizi

Hapo zamani, na anayesinzia asije akaniuliza kesho, palikuwa na tajiri aitwaye Bwana Madi. Sebuleni kwake ukuta mzima ulikuwa zidaka, vishubaka vya chokaa toka sakafuni hadi darini, na humo alipanga maajabu: yai la mbuni, jino la nyangumi, na kazi za mikono za wanawake wa mtaani. Kidaka cha katikati kilikuwa kitupu. Akatangaza, "Atakayekijaza kwa ajabu ipitayo zote, jina lake litachongwa juu yake."

Mwana Mize, mmoja wa wanawake hao wa mtaani, aliposikia, moyo ulimruka. Kofia zake kumi na mbili zilikuwa ukutani mle, na wageni waliambiwa tu, "Hiyo kazi ya mkono," bila jina lake. Akachana ukindu mpaka ukawa mwembamba kuliko ukope, akasuka msala wa kuswalia sisimizi. Miezi saba! Jicho la kushoto likagoma kabisa.

Msala haukuonekana kwa udogo wake, basi shoga yake, Mwana Iki, akautengenezea kikasha cha ganda la yai la njiwa, kimenakshiwa hadi ndani. Ukawekwa katika kidaka cha katikati, na siku ya kwanza tu Bwana Madi akainama kuutazama, akapiga chafya. Msala huo, ukapeperuka! Wakautafuta hadi magoti yakachubuka.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema Bi Saada, mpokea wageni wa nyumba ile. Tangu hapo akawa anawasimulia wageni: "Tazameni pindo lile jekundu!" Wakaapa wameliona. Mmoja akalalamika kuwa msala haukuelekea kibla. Mwingine, amebanwa na haja, akauliza, "Bibi, msala uko wapi?" Akakimbizwa kidakani. "Mzuri, maashallah," akalia, "ila huu haunitoshi!"

Siku ya kuchonga jina ikafika. Fundi akapaka chokaa mbichi, nafasi ya jina moja.

"Nimesuka mimi," akasema Mwana Mize. "Jicho langu limekwenda na msala ule."

"Walichoona ni kikasha changu," akasema Mwana Iki.

"Walichoona ni maneno yangu," akasema Bi Saada.

"Kizuri chajiuza!" akamaka Mwana Mize.

"Kisichoonekana kitajiuzaje, mwanangu?" akajibu Bi Saada.

Mwana Mize akageuka kumlilia Bwana Madi, na kwa lile jicho lililobaki akauona. Msala wake! Umenasa katika ndevu za Bwana Madi, na juu yake sisimizi ametulia, kichwa kibla.

Bwana Madi akainua kidevu taratibu. "Kumbe aliyeutunza ni mimi! Niandikeni mimi."

Mwana Mize akaangua kilio. Fundi akagonga ukuta kwa kidole. "Semeni basi, chokaa inakauka."

Nanyi mnaocheka, chokaa inawakaukia pia. Je, aandikwe nani?