Kengele ya Ghala la Sultani Badawi

Hapo zamani, kabla kompyuta hazijazaliwa wala kufundishwa kugawa kumbukumbu zao, palikuwa na Sultani katika mji wa Tungwe, jina lake Badawi, naye alikuwa na ghala moja tu. Lakini ghala gani hilo! Kuta zake zote zilichongwa mashubaka, toka sakafuni hadi darini, na kila shubaka lilikuwa na kitu chake: hapa iliki, pale nyuzi za zari, kule miski na marashi, na ngozi za ngoma, na sukari guru, hata misumari. Kila fundi wa jumba la Sultani aliingia akachukua alichotaka, akarudisha alichobakiza, na mara nyingi alikirudisha mahali pasipo pake.

Basi siku moja fundi wa manukato, mtu mwenye pupa, akamimina miski yake katika shubaka la mpishi. Jioni wageni wakaletewa pilau inayonukia kama bibi harusi. Kadhi alikula tonge moja akapiga chafya, akapiga nyingine, akaendelea hata kilemba kikamwangukia mchuzini. Sultani akawaka kwa hasira.

"Kuanzia leo," akasema barazani, "mkono wa mtu usiguse kitu kilichomo ghalani mwangu, ila mkono wangu mimi! Atakaye kitu na aniite, nitampa mwenyewe."

Waziri Shekue akainama hata ndevu zikafagia zulia. "Hekima iliyoje, Maulana!" Na baraza zima likaitikia.

Ila kule nyuma, karibu na viatu, mtu mmoja akaangua kicheko. Naye ni Ngwali: shamba hana, duka hana, kanzu yake ina viraka mpaka kiraka kina kiraka, na shughuli yake mjini ni kusema asiyoulizwa. Alijaribu kukimeza kicheko kile, masikini, kikamtokea puani.

"Ewe Ngwali, wacheka nini?"

"Nacheka kwa furaha, Maulana. Nimefurahi kwamba sasa utapata kunyoosha miguu."

Sultani hakutabasamu. "Vema. Ijumaa binti yangu anaolewa, na wewe ndiwe bawabu wa ghala. Nguo, ngoma, chakula, vyote viwe tayari, na mkono wangu tu ndio uguse. Kikikosekana kimoja, utauhama mji huu siku ile ile, wewe na mkeo."

Hapo Ngwali akaacha kucheka. Mkewe Kidawa alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza, tena mwezi wake umetimia, na mamaye Kidawa alikaa nao ukuta kwa ukuta akimwangalia. Leo aambiwe afungashe ashike njia, akajifungulie vichakani! Ngwali akaogopa kweli kweli. Lakini akili yake ilikuwa na tabia moja, kwamba ikiogopa hucheza.

"Nimesikia na nimetii, Maulana. Ila naomba uape mbele ya baraza hili, kwamba kila uitwapo utakuja mwenyewe, hutakataa wala hutatuma mtu."

Sultani akaapa, tena kwa maringo, maana tangu azaliwe hakuna aliyethubutu kumwita.

Basi Ngwali akatundika kengele mlangoni pa ghala, kamba yake akaivuta hadi uani wanakofanyia kazi mafundi. Akawaambia, "Jamani, msijibane. Ombeni kama mlivyozoea kuchukua, kidogo kidogo. Mwenye haja avute kamba, Sultani atakuja kumpa."

Alhamisi asubuhi Sultani yumo barazani akiamua kesi ya mbuzi, kengele ikalia. Akaenda. Mpishi ataka iliki. Akampa, akarudi, hata hajakalia kiti ikalia tena: mshona nguo ataka uzi. Akampa uzi. Kengele! Ataka sindano ya uzi ule. Sultani akaingia hamamu, kengele, akatoka na povu masikioni. Akaketi kula, kengele, akaenda na halua shavuni, hawezi kuimeza wala kuitema mbele ya watu. Mpiga ngoma ataka ngozi. Akipewa, aona ndogo, airudisha. Akipewa kubwa, akumbuka misumari. Na mpishi, Mungu amsamehe, alikuwa akionja mchuzi kila baada ya chembe ya chumvi, na kila chembe alivuta kamba.

Ikawa alasiri mbuzi wa kesi amekula mkeka wa baraza na hakuna wa kumhukumu. Sultani mwenyewe, kubadhi moja mguuni na moja haijulikani ilipo, akajibwaga juu ya gunia akihema.

"Ngwali, kata kamba hiyo!"

"Na kiapo, Maulana?"

"Basi nifanye nini? Harusi ni kesho, nami mgongo sina!"

Moyo wa Ngwali ukaruka kwa furaha, akauzuia usimfike usoni. "Maulana, ulikataza mikono ya watu kugusa vilivyomo ghalani. Ulisema lolote juu ya visivyomo?"

"Sikusema."

"Haya. Ukuta huu umepakana na ua. Shubaka tukilitoboa kwa nyuma, likatazama uani, tena tukaliziba kwa huku ndani, je, litakuwa limo ghalani?"

Sultani akaliangalia shubaka. Akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. "Halimo," akasema.

"Basi lijaze kwanza, kwa mkono wako, mara moja. Moja la mpishi, jingine la mshona nguo, kila fundi na lake, na ukuta katikati yao. Mimi nitakaa mlangoni pa ua, nisiruhusu wawili kugombea zamu. Na kengele ilie mara moja tu, kazi ikikamilika."

Waziri Shekue akadakia, "Maulana, amri itakuwa imevunjwa!"

"Kilichovunjika ni kiuno changu!" akanguruma Sultani. "Leteni mwashi!"

Ikawa hivyo. Mafundi wakachota madirishani mwao, asionekane wa kumsumbua Sultani. Fundi wa manukato alipenyeza mkono hadi kwapani akiitafuta sukari ya mpishi, akakuta ukuta mtupu, akautoa mkono kwa adabu. Wanaojua kompyuta wakisikia kisa hiki hunicheka, wakaniambia mambo ndani ya mashine zao ni hayo hayo: kila kifaa hupewa sehemu yake ya kumbukumbu, hujichukulia chenyewe pasipo kumhangaisha mkubwa wao, yaani ubongo wa mashine, kisha humgutua mara moja tu kikimaliza, na mlangoni pana bawabu wa kugawa zamu. Mie nikawajibu, mmechelewa, Ngwali alitangulia.

Ijumaa harusi ikafana. Pilau ilinukia pilau, ngoma zikalia, bibi harusi akameremeta kwa zari. Hakikukosekana kitu, na Ngwali mlangoni akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu barazani.

Mara kengele ikalia.

Sultani, aliyekuwa akimlisha kadhi tonge, akaruka juu kwa mazoea, akakimbia mkono bado una wali, joho linapepea, wageni wameachama vinywa. Akafika uani akitweta. Aliyeshika kamba ni mamaye Kidawa.

"Bibi, wataka nini?"

"Sitaki kitu, Maulana. Nimeambiwa kengele hii hupigwa kazi ikikamilika. Basi imekamilika. Kidawa amejifungua, mtoto wa kike, na wote wazima!"

Ngwali akakaa chini pale pale, akalia na kucheka kwa pamoja. Sultani akamtazama, akautazama wali mkononi mwake, naye akaangua kicheko hata akajishikilia ukutani. Kisha akaingia ghalani peke yake. Akachagua shubaka kubwa kuliko yote, akalijaza kwa mkono wake unga, samli, asali na doti za kanga, akaamuru litobolewe upande wa nyumba ya Ngwali.

"Hili ni la Kidawa," akasema. "Na likiisha, Ngwali, nakuomba, usipige kengele. Njoo uniambie polepole."