Kinu cha Mawifi

Sogeeni karibu, itikieni, hadithi inabisha hodi.

Mwanamvua na wifi yake Kibibi walitwanga mahindi katika kinu kimoja kwa michi miwili, huyu akishusha, yule akiinua. Ila kila mmoja alimsikiliza mwenzake ili tu apate pa kuingizia ya kwake.

"Wifi, mwanangu ana homa," akasema Mwanamvua.

"Afadhali wewe. Wangu wawili wanaharisha."

Michi ikagongana, wakanuniana. Papo hapo mikono yao ikaganda kwenye michi.

"Mmenichosha," kikasema kinu. "Nitawaachilia mmoja wenu akimsikiliza mwenzake."

Ndani watoto walilia njaa. Mwanamvua akarudia, "Mwanangu ana homa."

"Hata mimi kichwa kinaniuma."

Mikono haikubanduka. Mara ya tatu Mwanamvua akasema huku machozi yanamtoka. Kibibi akafungua mdomo, akaufunga, kisha akauliza, "Ilianza lini, wifi?"

"Juzi. Naogopa."

Mikono ikabanduka.

"Na wako wanaendeleaje?" akauliza Mwanamvua.

Michi ikapokezana, pu, pu, pu, na jioni ugali ukaliwa sinia moja.

Yangu yameishia hapo. Nawe msikilizaji uliyekuwa ukinikatiza ili unieleze habari za kinu cha bibi yako, haya, nakusikiliza.