Pikapu Iliyoitwa Mchana

Kuna watu ambao kidonda hakiwaumi mpaka kiwe mguuni mwao. Mwenzao akilia, wao hucheka. Akilalamika, humwambia ana deko. Wahenga waliwafahamu watu hawa tangu kale, wakawatungia methali ya mkuki na nguruwe. Geofrey wa Mafiga aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliweza kuieleza mbele za watu bila kukwama. Lakini kuieleza methali si kuionja.

Geofrey alikuwa na pikapu kuukuu iliyompa riziki kwa kubeba kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta hadi mjini Morogoro. Injini yake ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa macho. Vioo vya taa za mbele vilikuwa vimepauka vikawa vya manjano, na globu zake zilitoa mwanga hafifu mithili ya kibatari kinachoomba mafuta.

Mkewe, Scholastika, alikuwa kwao Mgeta. Alipanda huko kujifungua mtoto wao wa kwanza mikononi mwa mama yake, na sasa binti yao, Glory, alikuwa amekwisha kukaza shingo. Siku ya kurudi mjini ilikuwa imekaribia. Hata hivyo, mama mkwe aliweka sharti, na kwa Waluguru, ambao mtoto wao ni wa ukoo wa mama, sharti la bibi mzaa mama si la kuchezea.

"Baba Glory," alisema kwenye simu baada ya kuitikia shikamoo, "mjukuu wangu hashuki mlima huu ndani ya gari lisiloona. Ukungu wa huku unaujua. Tengeneza taa kwanza, ndipo uje."

"Nimesikia, mama. Nitatengeneza."

Kwa hiyo tusimwonee. Jambo hili lilianza kwa mapenzi.

Geofrey alikwenda kwa Mikidadi, fundi umeme wa magari pale Mafiga, akiwa na kiboksi cha globu za LED alizonunua kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi anayetandaza vifaa chini. Mikidadi akazigeuzageuza kiganjani.

"Kaka, hizi ni kali. Ila nyumba ya taa yako ilitengenezewa globu ya zamani. Mwanga wa hizi hautokei palepale ulipokuwa ukitokea ule. Utatawanyika ovyo. Taa ya chini na taa ya juu zitakuwa mamoja."

"Sasa nifanyeje?"

"Ama tutafute zinazolingana na hii nyumba, ila ni ghali kidogo. Ama tung'arishe vioo, tubadilishe waya huu wa ethi, wa kurudisha umeme, ulioliwa na kutu, tuweke globu mpya za kawaida. Utaona vizuri tu."

"Vizuri tu!" Geofrey alicheka. "Mikidadi, mimi nataka kuona mpaka kesho. Funga hizo."

"Basi angalau nizipime ukutani, nizielekeze chini..."

"Funga, bwana! Nakwenda kubeba kabichi, siendi kupigwa picha."

Wateja wengine walikuwa wakisubiri, na Mikidadi hakutaka mabishano. Akafunga. Geofrey mwenyewe alisugua vioo kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka vikang'aa. Alipowasha, ukuta wa gereji uligeuka mweupe kama shuka la bibi harusi. Ng'ambo ya barabara, mama muuza maandazi aliinua kanga akafunika uso.

"Yarabi! Mchana umerudi!"

Vijana wakaangua kicheko. Tangu jioni ile, pikapu ya Geofrey ikaitwa Mchana.

Sasa, barabara ya Mgeta ina adabu yake. Ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine mashamba ya ngazi yanayoporomoka hadi korongoni. Anayepanda akikutana na anayeshuka, hushusha taa, hupiga honi mara moja, kisha husogea pembeni mpaka mwenzake apite. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ni heshima tu, kama kumpisha mtu aliyebeba maji. Geofrey naye alikuwa akiifuata miaka yote.

Alipoipata Mchana, akaiacha. Hata angeshusha taa, zingewaka vilevile. Isitoshe, aligundua kwamba hana haja ya kumpisha mtu, kwani watu walimpisha wenyewe. Malori yalisimama ghafla. Akina mama wenye matenga ya mboga kichwani waligeukia ukuta wa mlima wakafumba macho. Vijana wa bodaboda walishuka wakasukuma pikipiki zao.

"Wananipisha kama mheshimiwa!" aliwasimulia wenzake, akiigiza jinsi walivyokunja nyuso na kupapasa hewa. Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Mmoja tu hakucheka. Abdulatif, dereva wa lori aliyezeekea katika barabara ile, alimfuata sokoni wakati wa kushusha mizigo.

"Geofrey."

"Shikamoo, mzee Abdulatif."

"Marahaba. Jana pale konani umenitia upofu, mwanangu. Nilishika breki kwa kukisia. Na nilikuwa na watu juu ya magunia."

"Pole, mzee. Labda ni macho tu. Umri nao unakwenda."

Wapakiaji wakacheka. Abdulatif akasubiri wanyamaze.

"Sawa, yangu ni mabovu. Na ya wote wale wanaokutukana njiani?"

"Wanunue miwani ya jua! Hapa Morogoro zimejaa tele."

"Haya," alisema Abdulatif akiondoka. "Ila barabara hii tunaipita wote, sisi na watu wetu."

Jumamosi ya kuwachukua mkewe na mtoto ikafika. Geofrey aliamka na furaha isiyo kifani. Alisugua viti, akanunua kofia ndogo ya sufu ya rangi ya waridi, akaining'iniza kwenye kioo cha ndani ili aitazame njia nzima. Alikuwa amemwahidi Scholastika kwamba atafika kabla ya adhuhuri.

Alipofika Mzumbe, rafiki yake akamsimamisha. "Ndiyo hii Mchana yenyewe? Hebu tuone!" Geofrey akawasha, akazima, akawasha. Watu wakajaa. Soda zikaletwa, hadithi za waliofumba macho zikanoga, na kila aliyefika alitaka aanzishiwe upya. Alipokumbuka safari, jua lilikuwa limekwisha kuegemea magharibi na vilele vya Uluguru vimejifunika. Alimpigia mkewe. Simu haikupatikana.

Ukungu ulimkuta katikati ya mlima. Akawasha taa. Mwanga ukaenda hatua chache, ukaugonga ukungu, kisha ukamrudia usoni, mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwa mara ya kwanza Geofrey naye alikunja uso. Ilimpasa asimame. Lakini alikuwa amechelewa, akaona aibu, akakanyaga mafuta.

Konani alisikia honi nyembamba ya pikipiki inayoshuka. Hakusogea. Watanipisha, aliwaza.

Zikalia breki. Chuma kikakwaruza mawe. Kitu kizito kikaanguka upande wa chini wa barabara.

"We mwenye taa!" Sauti ya mwanamke ilipasua ukungu. "Mungu akuone! Umeniulia mtoto!"

Geofrey alikwisha kusikia matusi mengi katika barabara ile, na yote yalimwingilia sikio hili yakatokea lile. Hili lilimganda moyoni. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomkubali mbele ya padri.

Akashuka. Kabla hajafika ukingoni, mwanamume alitokea akipanda kwa mikono, ametapakaa udongo, ameshika jiwe.

"Leo utanieleza wewe, mshenzi usiye..."

Mkono wenye jiwe ukabaki juu. Alikuwa Benedikto, kaka yake Scholastika. Alimtazama Geofrey, akaitazama pikapu, akamtazama tena Geofrey. Jiwe likamponyoka.

"Shemeji?" alisema kwa sauti ya kitoto. "Ni wewe?"

Geofrey alimpita. Aliporomoka hadi shambani. Scholastika alikuwa ameketi katikati ya kabichi zilizopondeka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Kwa ule wa kulia alikumbatia kitenge kilichofungwa kifuani, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kukinga uso, alifumba macho na kuyafumbua katika mwanga ule mkali.

"Baba Glory?" Akamtambua. "Hizi taa... ni zako?"

Geofrey alitazama kifuani pake. Kitenge hakikutikisika.

"Mtoto halii," alisema Scholastika. "Mbona halii? Geofrey, mbona mwanangu halii?"

Alipiga magoti, akafungua kitenge. Glory alikuwa ameyatoa macho, kinywa wazi, pumzi imekwama. Geofrey alimwinua, akamweka begani, akampapasa mgongo huku akiita majina yote ya watakatifu aliyoyajua. Kisha mtoto akavuta pumzi moja ndefu, akapiga yowe.

Geofrey alikaa chini, akalia pamoja naye.

"Tumekungoja tangu asubuhi," Benedikto alisema, akichechemea. "Mvua ikawa inatishia. Tukasema tushuke tukupokee chini kabla njia haijawa tope. Nimepiga honi, shemeji. Nimepiga, na nimesogea mpaka ukingoni. Sikuona kitu tena."

Walimpandisha Scholastika taratibu hadi kwenye gari. Geofrey aligeuza pikapu, akatazama mbele. Kulikuwa na weupe mtupu. Mchana haikuweza kuona njia ya hospitali.

Ndipo lori lilipotokea juu yao. Lilishusha taa likiwa mbali, likapiga honi mara moja, likasimama. Abdulatif akashuka. Aliitazama pikipiki kule chini shambani, akamwona mama na mtoto wake, akazitazama taa. Geofrey aliinamisha kichwa kungoja neno alilostahili.

"Pole sana, mama," Abdulatif alimwambia Scholastika. Kisha akamgeukia Geofrey. "Zima hizo. Washa taa za tahadhari tu, unifuate nyuma. Nami nitakwenda polepole."

Ndivyo Mchana ilivyoshuka Uluguru, taa zimezimwa, ikifuata taa za nyuma za lori kama kipofu aliyeshikwa mkono.

Hospitalini daktari aliufunga plasta mkono uliovunjika wa Scholastika. Glory alikaguliwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Alikuwa na mkwaruzo mmoja tu shavuni. Simu ya Geofrey ikalia. Ni mama mkwe.

"Nimeambiwa wameangushwa," alisema akihema. "Na nani? Mmemkamata?"

Geofrey angeweza kusema ni ukungu. Alimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akimtazama.

"Ni mimi, mama. Kwa taa zangu."

Simu ikakatwa.

"Kesho nazing'oa," Geofrey alisema. "Nitafanya kama Mikidadi alivyonielekeza. Scholastika, nisamehe. Ningejua ni ninyi..."

"Ungejua ni sisi," Scholastika alirudia, bila hasira, na hilo lilimchoma zaidi. "Na wale wengine, Geofrey? Wao hawakuwa na watoto kifuani?"

Mikononi mwa Geofrey, Glory aligeuka kuelekea taa ya wodini. Akakunja uso, akabana macho, akapapasa hewa kwa ngumi yake ndogo, vilevile kama wale ambao baba yake alizoea kuwaigiza. Safari hii Geofrey hakucheka. Alinyoosha kiganja, akamkinga mwanawe na mwanga, akakishikilia hapo mpaka alipolala. Hakika, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.