Mashua Iliyozama Karatasini

“Ajazaye ukungu huzamisha mashua.” Mmeisikia leo matangani, shangazi yenu alipomkatiza yule msemaji asiyejua kukoma, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Ketini wima basi. Methali hiyo ilizaliwa mbali, katika Uchina ya zamani, nayo ilianza hivi.

Palikuwa na mshairi aitwaye Meng Sui, na rafiki yake mchoraji, Qiao An. Walisoma pamoja tangu utotoni. Katika nchi yao, picha ya milima na mito ilingojea shairi kama vile bibi harusi angojeavyo jina la nyumba mpya: mchoraji aliacha mahali peupe pembeni, na rafiki yake akaandika hapo beti zake kwa brashi.

Tena wachoraji wale hawakuchora ukungu wala maji. Waliacha karatasi tupu baina ya mlima na mlima, na jicho la mtazamaji likaona ukungu. Waliacha tupu chini ya mashua, nalo likaona mto. Meng Sui aliyajua hayo barabara. Yeye mwenyewe aliwafundisha vijana kwamba weupe wa karatasi si utupu.

Mama yake Qiao An aliitwa Bibi Lan. Mume wake alivuka mto asubuhi moja yenye ukungu, Qiao An akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni na mama yake, asirudi tena. Hakuna aliyeiona mashua ikipinduka, wala mwili haukupatikana. Bibi Lan alikataa kuvaa nguo za msiba. Kila palipokucha na ukungu aliagiza dirisha lake lifunguliwe, akaketi akiuelekea mto. “Ukungu umemficha tu,” alisema.

Uzeeni macho yake yalififia, mto ukawa mbali naye. Ndipo alipomwomba mwanawe amchoree asubuhi ile, aiweke karibu na uso wake. Qiao An naye alikuwa mzee. Mkono ulikwisha kuanza kutetemeka, akawa anachora siku ulipotulia tu. Alichora milima juu, msonobari ukingoni, na katikati mashua ndogo yenye mtu mmoja aliyegeuza mgongo. Kwingine kote aliacha peupe.

Siku ya karamu ya kumheshimu Bibi Lan kwa umri wake mrefu, wageni wakiwa wamejaa ukumbini, Qiao An aliitandaza picha, akamkabidhi Meng Sui brashi.

“Kaka, hapa juu ya msonobari. Mistari minne itatosha.”

Meng Sui aliandika mistari minne, wageni wakamsifu kwa furaha. Sifa zilimlevya kuliko pombe ya mchele. Akaongeza minne mingine, akateremka kandokando ya mlima.

“Mshairi ana kiu leo!” mgeni mmoja alipaza sauti. “Mpeni wino!”

“Kaka Meng,” Qiao An alisema kwa sauti ya chini, “inatosha.”

“Nafasi yote hii, ndugu yangu!” Meng Sui alicheka bila kumtazama. “Umeinunua karatasi ili uilaze njaa?”

Ukumbi mzima ulicheka. Brashi ikashuka, ikavuka bonde, ikafika chini ya mashua, ikapita. Alipoiweka chini, hapakuwa na mahali palipobaki peupe. Watu walishangilia. Qiao An peke yake aliutazama mkono wake.

Kisha Bibi Lan akaletwa, amebebwa kitini. Picha ikasogezwa mpaka karibu na pua yake. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Baba yako yuko wapi, mwanangu?”

“Huyu hapa, mama. Ndani ya mashua.”

“Na ukungu?”

Qiao An alimgeukia Meng Sui.

“Maji yako wapi? Naona weusi tu, juu yake na chini yake.” Kidole chake kilipapasa mistari iliyokuwa bado haijakauka, kikachafuka. “Basi alizama,” alisema polepole. “Miaka yote hii mlijua, mkanificha. Alizama.”

Meng Sui alipiga magoti, uso ukimwaka mbele ya watu wale wale waliomshangilia. “Mama, hayo ni maneno yangu tu. Ni mashairi.”

“Sikufundishwa kusoma, baba,” Bibi Lan alimjibu kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko tusi.

Meng Sui alichovya kitambaa majini, akajaribu kufuta. Wino wa masizi haufutiki. Ulisambaa, ukaimeza hata mashua.

“Mchoree nyingine,” alimsihi rafiki yake. “Sitaigusa.”

Qiao An aliunyosha mkono wake mbele yake, wote wawili wakauona unavyotetemeka. “Huu ulikuwa umebakiwa na picha moja tu, kaka.”

Kesho yake palikucha na ukungu mzito. Bibi Lan aliomba nguo za msiba, kisha akaamuru dirisha lifungwe. Halikufunguliwa tena.

Meng Sui aliichukua picha ile, akaitundika mbele ya kitanda chake, asiruhusu itolewe. Siku moja tajiri mmoja alimletea picha ya mto, akamsihi aandike. Mshairi aliitazama, akaandika jina lake tu, herufi ndogo, pembeni kabisa, akairudisha brashi.

“Mzee wangu,” tajiri alilalamika, “mbona umeninyima? Nafasi tele!”

Meng Sui aliinamisha kichwa.

“Ajazaye ukungu,” alisema, “huzamisha mashua.”