Picha Iliyofungwa Ikiwa Mbichi

Wapendwa, kaeni. Kabla sijaingia kwenye somo la leo, nataka niwaeleze habari ya kaka mmoja na dada yake, watoto wa mchoraji wa kule Tanga, na picha ya baba yao iliyosafirishwa kwa meli.

Mzee huyo alichora maisha yake yote. Picha yake ya mwisho, aliyoimaliza miezi michache kabla ya kufa, ilikuwa ya marehemu mkewe akipiga pasi nguo za Jumapili kwa pasi ya mkaa. Majirani waliomfahamu yule mama walimtambua mara moja. Alikuwa ni yeye kabisa, mpaka ile namna yake ya kuinamisha kichwa akiwa anafanya kazi. Mzee alipofariki, makumbusho ya nchi ya mbali yakaomba picha ile iende ikaonyeshwe. Kazi ya baba yao ilikuwa haijawahi kuvuka mpaka. Watoto wakakubali kwa furaha.

Sasa, kaka alikuwa mtu wa bandarini. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kufunga mizigo ya watu ifike salama. Dada, ambaye ndiye mdogo, alikulia kwenye chumba cha kazi cha baba yake, akimtandia vitambaa kwenye fremu na kumsafishia brashi. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake analolijua.

Siku ya kufunga picha ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Masika ya pwani mnayajua. Kuta zinatoka jasho, chumvi kwenye kikopo inageuka maji, shuka ulilofua Jumatatu mpaka Alhamisi halijakauka. Dada akapitisha mkono nyuma ya picha, kisha akasema, "Kaka, kitambaa kimevuta unyevu. Na rangi ya hapa usoni bado haijakauka vizuri kwa ndani. Tusubiri mvua zikatike, tuikaushe polepole, ipande meli ya mwezi ujao."

Muda ulikuwepo. Watu wa makumbusho walikuwa wameshasema kwamba hawana haraka.

Kaka akajibu, "Mdogo wangu, adui wa mzigo ni bahari. Nikishaifunga mimi, tone halitaingia."

Dada akamwomba basi angalau aizungushie karatasi laini kwanza, isigusane na nailoni, na aweke ndani vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, kama vile mnavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya. Kaka akasema hivyo ni vya watu wasiojua kufunga. Dada akatoka nje.

Basi kaka akafunga. Alizungusha nailoni nzito mara tatu, akaziba kila mshono kwa tepu, akatengeneza kreti ya mbao nzuri, akaipaka lami nje. Ungeitupa mtoni ingeelea. Nasema kweli, ile ilikuwa kazi ya mtu anayempenda baba yake.

Meli ikaondoka. Kwenye bandari moja ya njiani kontena likashushwa, likakaa juani siku kumi na moja likisubiri meli nyingine. Mchana bati lile lilichemka kama kikaango. Joto likautoa ule unyevu uliokuwa kwenye kitambaa, ukawa mvuke. Usiku kukipoa, mvuke unageuka matone kwenye nailoni, kisha yanaidondokea picha. Ungepita wapi kutoka nje, na kila tundu limezibwa? Siku kumi na moja, picha ilikuwa inachemshwa na kuloweshwa.

Ilipofika, fundi wa picha wa makumbusho, mama mmoja mtu mzima, akampigia kaka simu ya video ili waifungue pamoja. Walizungumza Kiingereza, mimi nawaelezeni kwa lugha yetu. Kreti ilikuwa nzima. Mbao zilikuwa kavu, na hakuna hata msumari mmoja ulioshika kutu. Kaka akatabasamu. Yule mama akakata nailoni, akaanza kuivuta taratibu, na shavu la mama mzazi likatoka nayo, limenata kwenye nailoni. Kuzunguka kichwa kulikuwa na ukungu mweusi, kama ule unaoota kwenye mkate uliolala.

Kaka akauliza meli ilivuja wapi.

Yule mama akageuza simu akamwonyesha tena zile mbao kavu. "Haikuvuja," akasema. "Maji haya hayakutoka baharini. Mliyafungia humo wenyewe."

Kaka alikwenda kwa dada yake jioni ile ile. Njia nzima alikuwa akijiandaa kusikia, "Nilikuambia." Dada hakusema hivyo. Aliuliza ni nini kimepona. Kaka akamwambia mikono imepona, na pasi, na nguo. Dada akalia.

Alipotulia akamwambia, "Kaka, kama maneno yale angeyasema mtu mwingine, ungeyasikiliza. Wewe ulinikataa mimi."

Kwa nini alisema hivyo? Hapa nisikilizeni vizuri. Miaka mitatu nyuma, mama yao alipofariki, dada kwa uchungu alisema mbele ya watu kwamba kaka ndiye aliyechelewa kumpeleka hospitali. Wazee wa ukoo wakawaita siku ya msiba, wakawaambia, hili liishe hapa hapa. Wakashikana mikono, wakasema yameisha, watu wakapiga makofi. Na tangu siku hiyo, kila dada alipofungua mdomo, hata kuhusu kitambaa na mvua, kaka alisikia neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyemuua mama.

Jioni ile ndipo kaka alipolitamka kwa mara ya kwanza. "Ulisema mama alikufa kwa sababu yangu." Dada akajibu, "Nilisema. Na sikuwahi kukuuliza siku ile ilikuwaje." Kaka akamweleza. Gari la kwanza liliharibika njiani, akambeba mama mgongoni mpaka barabara kuu, na mama ndiye alikuwa akimtuliza yeye. Dada hakuwa amelijua hilo kwa miaka mitatu. Akapiga magoti akamwomba radhi.

Shavu lile halikurudi. Fundi alijitahidi, akazuia ukungu usiendelee, lakini rangi iliyokuwa imetoka ilikuwa imetoka. Picha ilitundikwa hivyo hivyo, na doa lake.

Wapendwa, sisi tunaogopa sana ya nje. Tunaomba tukingwe na majirani wabaya, na husuda za kazini, na dunia ilivyoharibika, na ni haki yetu kuomba. Lakini ni mangapi tumeyafunga wenyewe yakiwa mabichi? Mke na mume wamegombana Jumamosi, Jumapili asubuhi wanasema yameisha ili wawahi ibada. Yameisha saa ngapi, na hakuna aliyeuliza? Tunapenda kupatanisha watu kwa dakika tano, tupige makofi, chakula kisipoe. Kisha joto la maisha likija, tunashangaa maji yametoka wapi.

Kusamehe ni amri, sipunguzi hata herufi moja. Lakini Bwana alisema uiache sadaka yako, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Kwenda kunachukua muda. Kuuliza kunachukua muda. Kusikia jibu lenye kuuma ndiko kunakochukua muda zaidi.

Kwa hiyo leo, kabla ya sadaka, nitakaa kimya. Kuna mtu amekujia akilini tangu nianze kusema. Kama yumo humu ndani, inukeni mwende nje mkaongee. Hakuna atakayewatazama wala kuuliza mlikokwenda. Tutawasubiri, hata kama ni mpaka mchana.