Kideri Hana Miguu

Paukwa?

— Pakawa.

Ua umefungwa?

— Umefungwa.

Nani yuko nje?

— Sema wewe, tusikie.

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa na miji yao, kulikuwa na shetani akiitwa Kideri. Alikuwa na uchu wa kuku, lakini hakuwa na miguu wala mbawa. Alikwenda kwa kubebwa tu: kwenye tope la kucha, kwenye kinyesi, kwenye maji ya kunywa pamoja. Akishaingia mjini, kuku huharisha kijani, hupinda shingo, hufa.

Kulikuwa na mama mmoja, Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni. Kideri alikuwa amemmalizia watoto wote. Sasa ameatamia tena, na anaogopa, jamani.

Zikaja habari kwamba mji wa pili kuna msiba. Mumewe, Kuchi, jogoo mrefu mwenye maringo, akasema, "Naenda kuhani."

"Usiende, mume wangu. Tuma salamu."

"Nitasemwa."

Akaenda. Akala na wafiwa, akanywa nao chungu kimoja. Kideri akamdandia kwenye kucha.

Kishingo akafunga ua. Akapita Kanga.

"Hodi."

"Umetoka wapi?"

"Msibani."

"Maji yako hayo nje, mtama wako huo. Ndani hapana."

Kanga akanywa, akaenda zake amenuna. Akapita Bata, akaambiwa vilevile. Wa tatu akabisha kwa nguvu.

"Hodi."

"Umetoka wapi?"

"Mke wangu, si unajua?"

Kishingo akalia. "Maji yako hayo nje, mtama wako huo. Ndani hapana."

"Mimi mzima, niangalie. Jogoo gani analala nje kama mwizi?"

"Wanangu nao asubuhi walikuwa wazima."

Kuchi akarudi nyuma. Akaingia kwenye tenga bovu nje ya ua, akalala humo. Haikupita siku nyingi, mabawa yakalegea, shingo ikapinda. Kideri akamnong'oneza, "Nibebe mpaka kwa mkeo, nawe utapona."

"Sikubebi."

"Nibebe."

"Sikubebi."

"Nibebe." Safari hii Kuchi hakuwa na sauti. Akageukia upande wa pili.

Kila asubuhi Kishingo alimwita, naye akijikaza kuitika. Jua likawaka juu ya tenga, likawaka, na Kideri, kwa kukosa mbebaji, akakauka akafa. Kuchi akapona polepole, ila shingo ikabaki upande.

Mwezi ulipoandama, Kishingo akalichoma tenga, akafungua ua mwenyewe. "Karibu, mwenye nyumba."

Vifaranga, waliokwisha kuanguliwa, wakatoka mbio. Wakamtazama baba yao, kisha wote wakapinda shingo, wakidhani ndivyo wakubwa wanavyosimama. Kishingo akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba wake.

Basi wenzangu, kuku mgeni akae kando kwanza, mfu azikwe mbali, na ukitoka penye ugonjwa osha miguu kabla hujagusa banda lako.

Ngano yangu nimeifungia hapa, mwenye kuitaka aje atambiwe tena. Na wewe uliyekuja na viatu vya mnadani, banda langu litazame kwa mbali.